Jiwe la Ziwa Magadi lililoanza likiwa laini kama unga uliokandwa

Dada mmoja ameniandikia swali refu, nalifupisha hapa. Walienda Ziwa Magadi yeye na wenzake, wakatembea kando ya ziwa upande wenye chemchemi za moto, na kuna vitu viwili vikamchanganya. Cha kwanza ni lile ganda la pinki na nyeupe juu ya ziwa, anasema limegawanyika vipande vipande na kingo zake zimeinuka, kama mtu kapanga vigae alafu vikabinuka. Cha pili, kwenye mwinuko nje kidogo ya ziwa aliokota jiwe gumu ajabu, juu jeupe, lina mikunjo na mistari inayopinda pinda kama ngozi ya mamba, na kijana aliyekuwa anawatembeza akawaambia huyo ni mamba wa zamani aliyegeuzwa jiwe na magadi. Anauliza je ni kweli, na kama si kweli hilo jiwe ni nini, na akirudi anaweza kuingia hadi katikati ya ziwa kuangalia zaidi?

Dada yangu, nianze na mamba tumalizane naye. Jiwe lako halijawahi kuwa mnyama. Nadhani hiyo hadithi imetokana na zile picha zilizozunguka sana mtandaoni za ndege na popo wa Ziwa Natron, pale chini upande wa Tanzania, wakiwa wamekakamaa kama sanamu. Wale hawakugeuka mawe. Ndege akifia kwenye maji ya magadi anakauka haraka kabla hajaoza, chumvi inamgandia mwilini, anabaki mgumu na mweupe, lakini ndani ni mzoga mkavu tu na mifupa na manyoya yake, na ukimtia kwenye maji ya kawaida ile chumvi inayeyuka. Kugeuka jiwe kwa maana ya kweli ni kazi ya miaka mingi mno chini ya udongo. Lakini simlaumu yule kijana, manake ile mikunjo inafanana na ngozi kweli kweli, mimi mwenyewe mara ya kwanza kuiona nilidhani ni mti wa kale.

Ulichokiokota ni gumegume, lile jiwe la familia ya kwatsi (madini magumu yanayopatikana sana kwenye mchanga) ambalo wazee walikuwa wanaligonga litoe cheche. Lakini ni gumegume la aina yake, linaitwa gumegume la aina ya Magadi, na hilo jina linatumika na wanajiolojia dunia nzima kwa sababu ni hapo Magadi ndipo ilipofahamika linavyotengenezwa. Watu wanaenda Magadi kupiga picha za flamingo na ziwa la pinki, ambayo ni sawa kabisa, ila kitu cha ajabu zaidi wanakikanyaga njiani bila kujua. Na ajabu yake ni hii: hilo jiwe unaloweza kukwaruzia kioo lilianza likiwa laini, unalibonyeza kwa kidole linabonyea.

Ili uone lilivyofikia hapo itabidi kwanza tuelewe maji yenyewe.

Ziwa Magadi liko kama mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, chini kabisa ya Bonde la Ufa upande wa kusini mwa Kenya, kaunti ya Kajiado. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 120 na muda wote unateremka, ndo maana joto linakupokea kabla hata hujaliona ziwa. Maji yanaingia ila hayana pa kutokea. Mvua ni chache, jua linakausha mara kadhaa zaidi ya kinachonyesha, na hakuna mto wowote wa kudumu unaoingia, sasa mtu anajiuliza hilo ziwa linaishi vipi. Linalishwa kutoka chini. Mvua ikinyesha kwenye kuta za bonde na kwenye miinuko, maji yanazama kwenye nyufa za miamba, yanashuka, yanapashwa moto huko chini, alafu yanatokea pembeni ya ziwa kama chemchemi, zingine vuguvugu tu na zingine zinafika nyuzi 80 na kitu. Hizo ulizopita wewe ndizo mdomo wa ziwa.

Safari ya maji hayo chini ya ardhi ndiyo inayoamua kila kitu. Miamba ya huko ni ya volkeno, na miamba hiyo ina sodiamu nyingi na silika nyingi. Maji yenye hewa ya ukaa yanaila taratibu, yanabeba sodiamu, yanabeba kabonati, yanabeba silika. Kalsiamu ni kidogo na hiyo kidogo inaganda mapema njiani, kwa hiyo kinachofika ziwani ni maji ya sodiamu na kabonati, jua linayakausha, yanazidi kuwa makali mpaka pH, yaani kipimo cha ukali huo ambacho kwa maji safi ni 7, inafika 10 na zaidi. Ukishika maji hayo vidole vinateleza kama umeshika sabuni.

Hapo ndo ganda lako la vigae linapoanzia. Maji yakizidi kukaushwa chumvi haiwezi kubaki imeyeyuka, inaganda kama fuwele za trona, yaani magadi yenyewe, haya haya watu wanatia kwenye maharage yaive haraka. Ziwa limepewa jina la kitu kilichomo ndani yake. Hayo magadi yamekuwa yakijipanga tabaka juu ya tabaka kwa karibu miaka 10,000, na kuna sehemu unene wake unafika mita 40. Kampuni ya kwanza ya kuyachimba ilianza mwaka 1911 na mpaka leo bado yanachimbwa, yanaenda sana sana kutengenezea vioo, na akiba inaendelea kujazwa na zile chemchemi.

Kuhusu kingo kubinuka, fikiria sakafu ambayo kila siku inaongezwa kigae pale pale pasipo na nafasi. Maji ya chumvi yanapanda kutoka chini kupitia nyufa, yanakauka, fuwele mpya zinaota ndani ya ganda, ganda linatanuka na halina pa kwenda, basi linasukumana lenyewe kwa lenyewe na kupasuka kwenye pembe nyingi nyingi, na pale vipande vinapokutana kingo zinanyanyuka kama paa dogo la hema. Jua la mchana na ubaridi wa usiku vinaongezea, linatanuka linasinyaa kila siku. Rangi ya pinki ni viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho vinavyopenda chumvi kali, vina rangi mwilini inayovikinga na jua, na mmoja wao umepewa jina la kisayansi kutokana na ziwa hili hili, Natrialba magadii. Ganda ni hilo, halina siri kubwa zaidi ya hapo. Mvua kubwa ikija sehemu ya juu inayeyuka, kiangazi kikirudi linaota upya, kwa hiyo vile vigae ulivyoviona wewe mwakani havitakuwa vile vile.

Turudi kwenye jiwe, na hapa niruhusu nikae kidogo manake hii ndo sehemu ninayoipenda.

Silika ndiyo kitu kinachotengeneza mchanga, kioo na kwatsi. Kwenye maji ya kawaida, ya mto au ya kisima, haiyeyuki kirahisi, utaikuta miligramu chache au makumi machache kwa lita. Lakini pH ikipita 9 tabia ya silika inabadilika, inaanza kuyeyuka kwa wingi, na kwenye maji makali ya Magadi yamepimwa maji yenye zaidi ya gramu nzima ya silika kwa lita moja. Yaani pale maji yamebeba mwamba ulioyeyuka, macho hayaoni, unaona maji tu. Na kilichoyeyushwa na ukali wa maji kitatoka tena ukali ukipungua.

Sasa fikiria mvua kubwa imenyesha, maji baridi na mepesi yameingia ziwani. Hayachanganyiki hapo hapo, yanaelea juu ya yale mazito ya chumvi kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Pale yanapogusana pH inashuka, silika inashindwa kubaki imeyeyuka, na inatoka ikiwa kitu cheupe laini kinachoshuka chini na kutandika tabaka jembamba juu ya tope la ziwa. Mwaka huu tabaka, mwaka mwingine tabaka. Ukilishika likiwa bado bichi ni kama unga uliokandwa, linafinyangika, unaweza kutengeneza kikombe. Likikauka linakuwa jeupe na gumu kiasi kama chaki.

Watu walikuwa wanaona gumegume za Magadi tangu zamani, B. H. Baker alizieleza kwenye ripoti yake ya jiolojia ya eneo la Magadi mwaka 1958, ila namna zilivyotokea ilikuwa bado ni kitendawili. Alafu mwaka 1967 Hans Eugster, aliyekuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani, akatangaza kwamba ule utope mweupe laini ulioko kwenye tabaka za ziwa la zamani ni madini mapya ambayo hayakuwa yamewahi kuelezwa popote duniani. Akayaita magadiaiti. Na pamoja nayo akaeleza madini mengine ndugu yake, akayaita kenyaiti. Kwa hiyo kwenye orodha ya madini ya dunia kuna moja lenye jina la ziwa na lingine lenye jina la nchi, yote mawili yametoka kwenye tope moja pale Kajiado. Baadaye magadiaiti ikapatikana Oregon na California, ikapatikana pia upande wa Ziwa Chad, na siku hizi maabara zinaitengeneza zenyewe kwa sababu muundo wake wa kurasa kurasa unaweza kupokea na kubadilishana vitu katikati ya hizo kurasa.

Kile Eugster alichokiona ndicho kinachojibu swali lako. Aliifuata tabaka moja nyeupe ya magadiaiti kwenye kingo za korongo, akaona tabaka hiyo hiyo, bila kukatika, upande mmoja ni laini na ukisogea mbele inakuwa gumegume. Ni kama kuona mtu yule yule kwenye picha ya utotoni na picha ya uzeeni. Magadiaiti karibu robo tatu ya uzito wake ni silika, kama sehemu moja ya tano ni maji, na sodiamu ni kidogo tu. Maji matamu ya mvua yakiwa yanapita pita humo miaka na miaka yanaiosha ile sodiamu, maji yaliyofungwa ndani yanatoka, kinachobaki ni silika peke yake ambayo inajipanga upya na kuwa kwatsi ya chembe ndogo sana. Hiyo ndo gumegume. Haikuhitaji moto wala uzito wa milima juu yake, imeoshwa tu ikakazana.

Na hapo ndipo mikunjo yako inapoingia. Kitu kikipoteza maji kinasinyaa. Umewahi kuacha uji kwenye sufuria ukakauka, juu kukawa na utando uliokunjamana? Ndivyo. Tabaka laini likiwa bado limejaa maji lilisinyaa, likajikunja, likapasuka mistari inayozunguka na kurudi kama njia za mchwa, alafu likagandia katika hali hiyo hiyo. Ngozi ya mamba uliyoiona ni picha ya siku ile lilipokuwa bado laini.

Niseme ukweli wote, wanajiolojia bado wanabishana kuhusu hatua zilizopita katikati. Eugster alisema magadiaiti kwanza, gumegume baadaye. Wengine waliokuja nyuma yake wakachunguza hizo hizo njia za mchwa wakasema zingine zinaonyesha silika ilitoka majini moja kwa moja kama jeli, ikaganda mapema sana bila kupitia magadiaiti, na wapo wanaosema utando wa bakteria ulikuwa na mkono wake pia. Mimi nikiangalia mawe ya pale naona njia zote mbili zimetumika, kuna tabaka nimelifuata mwenyewe kutoka laini mpaka gumu, na kuna mengine yenye mikunjo mizuri mno ambayo sioni ingebaki vile kama jiwe lingepitia mabadiliko mawili. Ila kwenye jambo moja hawabishani: lilikuwa laini. Ushahidi umejaa. Kuna gumegume zenye alama za nyufa za tope lililokauka, kuna zenye vishimo vya fuwele za chumvi zilizoota ndani yake zikiwa laini kisha zikayeyuka zikaacha nafasi tupu yenye umbo lao, na kuna kuta nyembamba za gumegume zilizosimama wima zikikata tabaka zingine, kwa sababu uzito wa juu uliukamua ule utope laini wa chini ukapanda kwenye nyufa kama dawa ya meno ikitoka kwenye tyubu. Jiwe gumu halikamuliki hivo.

Nikwambie siku nilipoelewa kwa mkono, maana kusoma ni kusoma tu. Tulikuwa kwenye kijikorongo kidogo mashariki ya ziwa, saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kwenye ukuta wa tope la kijivu kulikuwa na mstari mweupe, unene wake kama kidole gumba. Nikachomeka ukucha, ukazama. Nikasogea hatua mbili, ukucha ukakwaruza ukatoa unga. Hatua zingine tano hivi nikagonga na nyundo ndogo, ikalia kama sahani. Nikatoa bonge moja la mviringo lililokuwa limekaa katikati ya weupe, kama kokwa ndani ya embe, nikalipasua. Nje lilikuwa na ganda jeupe linalonata ukiligusa kwa ulimi, ndani rangi ya kahawia iliyofifia, ukiliinua kwenye mwanga kingo zake zinapitisha nuru. Katikati kabisa palikuwa na tone la weupe ambalo bado halijageuka. Nilikaa pale nikiwa nimelishika muda mrefu, wenzangu wakawa wameshatangulia.

Jiwe lako unaweza kulipima mwenyewe ukiwa nyumbani. Chukua chupa ya kioo usiyoihitaji, ikwaruze kwa kona ya jiwe. Gumegume itaacha mkwaruzo, trona haiwezi manake yenyewe ni laini hata karibu na ukucha. Kisha dondoshea ndimu au siki: kipande cha magadi kitatoa povu hapo hapo, gumegume haitafanya chochote. Ukitia kipande kidogo kwenye glasi ya maji, magadi yatayeyuka, gumegume utaikuta kesho kama ulivyoiacha. Kama juu pametoa povu kidogo na chini hakuna kitu, basi ni gumegume iliyovaa vumbi la magadi, ioshe.

Kitu kingine, liangalie kwenye kingo. Kama kuna upande umechongwa chongwa, vibanzi vimetolewa kwa mpangilio mpaka pakawa na makali, hilo si jiwe la kuweka kwenye kabati. Barabara hiyo hiyo ya Magadi inapita Olorgesailie, ambako watu wa kale wametengeneza zana za mawe kwa zaidi ya miaka milioni moja, na zana zao za kama miaka 300,000 iliyopita zinahusisha kioo cheusi cha volkeno na gumegume nyeupe na za kijani zilizobebwa kutoka mbali. Binadamu walilijua thamani ya jiwe hili kabla yetu. Zana za namna hiyo zinalindwa na sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, ziachwe pale zilipo na upeleke taarifa makumbusho. Na hata yale yasiyochongwa, mimi huwa nashauri watu wapige picha wayaache, manake jiwe likishatolewa kwenye tabaka lake linabaki jiwe zuri lisilosema lilikuwa juu ya nini na chini ya nini. Wewe umeshalichukua, basi andika kwenye karatasi mahali ulipolitoa na uiweke pamoja nalo.

Sasa la kuingia katikati ya ziwa. Dada yangu, hapana, usiende peke yako wala na mtu asiyejua. Ganda linadanganya. Pembeni unakanyaga ni kama lami, unapata moyo, unaendelea, na kuna sehemu unene wake ni wa sahani na chini yake ni maji makali au tope jeusi. Mimi niliwahi kuzama mguu mmoja hadi gotini, haikuwa hata mbali na ukingo, na ganda lile lililovunjika lina kingo za fuwele zinazokata kama kioo, likanichana ngozi na pale pale maji ya magadi yakaingia kwenye vidonda. Sijawahi kusikia mwasho kama ule. Nilikuwa na maji matamu lita tano kwenye gari ndiyo yakaniokoa, nikaosha na kuosha. Kwa hiyo kama lengo ni kuona vigae, simama kwenye barabara zilizojengwa juu ya ziwa, unaviona vizuri kabisa bila kuweka mguu kwenye ganda. Gari pia lisitoke kwenye hizo barabara hata kama unaona alama za matairi ya wengine, hujui walipita msimu gani. Sehemu kubwa ya ziwa iko chini ya lizi ya wachimbaji, kwa hiyo utaulizwa kwenye geti na ni vizuri kusema wazi unaenda kuangalia nini, na ukitoka nje ya barabara jua hiyo ardhi ina wenyewe, ni malisho ya Wamaasai, salimia watu, eleza shida yako, mara nyingi mzee mmoja wa pale anaijua korongo yenye mawe unayoyatafuta kuliko ramani yoyote.

Kwenye chemchemi usitie mkono kabla hujajua joto lake. Zipo za kuweka miguu na zipo za kukuunguza, na kwa macho zote ni maji safi tu. Macho yalinde, usiyaguse baada ya kushika magadi. Beba maji ya kunywa kuliko unavyodhani utahitaji, na ikifika saa tano asubuhi uwe umemaliza kutembea. Viatu vifunike kifundo, na viwe ambavyo hutasikitika vikiharibika kwa sababu magadi yanakula gundi na nyuzi.

Na ukiwa pale kwenye chemchemi zisizounguza sana, inama uangalie kwenye vijito vinavyotoka. Utaona samaki wadogo wa jamii ya tilapia, wengine hawazidi kidole. Hao wanaishi kwenye maji ya pH 10 na joto linaloweza kupita nyuzi 40, na kwa vile kwenye maji makali hivyo samaki wa kawaida anashindwa kutoa uchafu wake wa amonia, wao wanaubadilisha kuwa yurea kama tufanyavyo sisi. Mifupa ya mababu zao imo kwenye zile tabaka za ziwa la zamani, tabaka zile zile zenye magadiaiti, kutoka wakati ziwa lilipokuwa juu zaidi kwa mita kama 12 na lina maji matamu kidogo kuliko sasa. Kwa hiyo usishangae ukikuta kwenye tope la korongo miba midogo ya samaki hatua chache kutoka kwenye mstari mweupe.

Mstari wenyewe utautafuta hivi. Achana na ziwa, angalia vilima vifupi vya tope la kijivu na kahawia vilivyo kando yake, hasa pale maji ya mvua yamekata kuta fupi zilizosimama. Huo ndio ulikuwa mwambao na sakafu ya ziwa miaka kama 10,000 iliyopita. Chini yake kuna tabaka za zamani zaidi zenye rangi ya kijani kijani, na humo gumegume ni nyingi na kubwa, zingine mabamba unayoweza kukalia. Mwaka 2014 watafiti walitoboa chini ya ziwa lenyewe karibu mita 200 mpaka wakagonga mwamba wa volkeno wa kama miaka milioni moja, na humo njiani walipita gumegume tena na tena, ikionyesha ziwa hili limekuwa likifanya hii kazi kwa muda mrefu kabla ya ganda la magadi unaloliona leo.

Tafuta mstari mweupe usio na mchanga ndani yake, ufuate kwa mkono, usifuate kwa macho tu, bonyeza kila hatua mbili. Ukifika pale ukucha unapokataa kuzama, hapo hapo simama, weka sarafu pembeni ipimie ukubwa, piga picha moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha ukuta mzima, na picha ya jiwe lenye mikunjo piga kabla hujaligeuza, ionekane upande gani ulikuwa juu. Nitumie, nitakwambia ninachokiona.